Shikamoo ya Pili

Kanyenye, Tabora
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua umeitikia kwa sauti, hata kama uko peke yako hapo jikoni. Mnaendeleaje huko Manyoni? Goti lako linasemaje na upepo huu? Baba anakula vizuri? Na mwanangu Nyemo, yale mafua yamekwisha, au bado anapangusa pua kwa mkono wa gauni? Mimi ni mzima. Nimechoka, sitakuficha, lakini ni uchovu wa kazi, si wa ugonjwa. Leo sina zamu. Nimefua, nguo ziko kambani, na nimekaa barazani kwa mama mwenye nyumba nikuandikie kabla Mwalimu Ndahani hajaondoka. Yeye ndiye atakayekukabidhi barua hii pamoja na kidumu cha asali. Asali ni yako. Usiigawe yote kanisani.

Utauliza kwa nini naandika na simu ipo. Mama, simu yako unaiweka spika. Nikisema neno moja, Baba amesikia, jirani aliyekuja kuchota maji amesikia, na jua halijazama Mjomba Yona naye analo. Haya ninayotaka kukwambia nataka uyasome mwenyewe, miwani umevaa, na ukifika mwisho uyarudie. Ndipo umweleze Mjomba.

Uliponipigia mara ya mwisho uliniambia mambo mawili kwa pumzi moja. La kwanza, kwamba Mjomba amezungumza na wakubwa, zahanati ya hapo kijijini inanisubiri mimi. Nesi aliyekuwepo amehamishwa, nyumba ya mtumishi iko tupu, nirudi nifanye kazi kwetu na nikae na mwanangu. La pili ulilisema ukicheka, lakini mimi sikucheka. Ulisema Nyemo sasa anakuita wewe mama, na mimi ananiita Fibi wa kwenye simu. Ukaniuliza nasemaje. Nikakwambia dripu ya mgonjwa inaisha, nikakata. Mama, dripu ilikuwa nusu. Jibu ndilo nililokuwa sina.

Sasa ninalo, ila ni refu kidogo, na linapita kwa mlezi wangu. Kwa hiyo nianze naye.

Hapa kwenye kituo chetu cha afya kila nesi mpya anayetoka chuoni anapewa nesi mkongwe wa kumlea kazini. Hao tunawaita walezi. Chuo kinakupa cheti, lakini cheti hakikwambii ufanye nini wazazi watatu wakishikwa na uchungu kwa pamoja na maji yamekatika. Hilo unalipata kwa mlezi. Unaingia naye zamu, unatazama anavyofanya, kisha unafanya wewe yeye akitazama. Halafu siku moja unamwona amegeuka, anaangalia nje dirishani kama vile hayupo, hapo ujue ameanza kukuamini. Lakini mpaka aseme kwa mdomo wake kwamba umeiva, hushiki zamu peke yako.

Mimi nilipewa Nesi Nyamizi. Ni mama mtu mzima, anakaribia kustaafu, Mnyamwezi wa hapa hapa, mfupi, mwenye mikono mipana na sauti inayofika getini. Siku ya kwanza alisoma jina langu, akaniuliza kwetu ni wapi. Nikasema Manyoni.

"Manyoni kwa Wagogo?"

"Ndiyo, Mgogo kabisa."

Akapiga makofi, akaita wodi nzima. "Njooni mwone! Wameniletea Mgogo! Babu zangu walipita kwenu na mizigo kichwani, midomo imewakauka, mkawatoza hongo ndiyo wanywe maji. Leo binti yenu ameingia mikononi mwangu. Utayalipa yale maji, wewe!"

Unanijua, Mama. Mdomo ulifunguka wenyewe. "Tua mzigo kwanza, mpagazi," nikamwambia, "ndipo uombe maji. Kwetu mtu hanywi na furushi kichwani."

Wodi iliangua kicheko, hadi mama mmoja aliyekuwa analalamikia mgongo alicheka. Nesi Nyamizi akanishika mkono akauinua juu. "Huyu mtani wangu. Asiniguse mtu huyu, ni wangu."

Tangu siku hiyo mimi na yeye hatujasalimiana kama watu. Nikiingia asubuhi sisemi shikamoo, nasema kwa Kigogo, "Mbukwa, mpagazi." Naye anajibu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mwenye kisima." Wageni wanashtuka kusikia binti mdogo anamwita mama mtu mzima mpagazi, lakini wewe unajua mambo ya watani, umri hauingii hapo. Na yote aliyonifundisha yalipitia humo humo. "Nawa tena, naona vumbi la Ugogo kwenye kucha." "Mgogo, hiyo sindano umeishika kama fimbo ya kuchungia." Ningeambiwa hivyo na mtu mwingine ningekwenda kulia chooni. Kwake nilicheka, nikarekebisha. Na nilimwuliza kila kitu, hata vitu vya kijinga ambavyo chuoni ningeona aibu kuviuliza.

Mwenzangu Restuta, tuliyeanza kazi pamoja, yeye mlezi wake ni mama mpole sana, mtu wa sala, hajawahi kumfokea mtu. Lakini ana uzito wake. Restuta kwake ni "ndiyo Mama" na "sawa Mama" kuanzia asubuhi hadi jioni. Siku moja nilimkuta stoo, ananiuliza kwa kunong'ona jinsi ya kufungua mtungi wa oksijeni.

"Si mlezi wako alikuonyesha jana?"

"Alinionyesha. Sikuelewa."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ndiyo Mama."

"Sasa ukimwuliza tena atakufanya nini, Restuta? Atakula?"

"Hatanifanya kitu. Hiyo ndiyo shida yenyewe. Atanitazama tu."

Nilimcheka. Nilijiona mimi ndiye mwenye bahati, mwenzangu ana mlezi wa kuogopwa, mimi nina mlezi wa kucheka naye. Niliamini hivyo mpaka siku chache baada ya ile simu yako.

Kulikuwa na mama mmoja kijana kutoka upande wa Puge, aliyekuja kukaa kwa dada yake hapa mjini kusubiri siku zake. Alijifungua asubuhi, mtoto wa kiume, mwenye kilio kikubwa. Nesi Nyamizi ndiye aliyempokea mtoto, mimi nikisaidia. Akamkagua mama, akaona yuko vizuri, tukamhamishia chumba cha waliokwisha kujifungua, kitanda cha dirishani. Na kweli wakati ule alikuwa vizuri. Hilo nataka ulishike, Mama, hakuna aliyefanya uzembe.

Mchana ikafika saa ya kuona wagonjwa. Unajua inavyokuwa, ndugu wanaingia na chupa za uji, mabakuli, kanga zinatandikwa sakafuni. Nesi Nyamizi alikuwa hajakaa chini tangu alfajiri. Ndugu wa mzazi mwingine wakamvutia kiti, wakampa kikombe cha uji, akapokea, akanyoosha miguu. Mimi nikapita kitanda cha dirishani. Dada wa yule mama alikuwa amembeba mtoto, amewageuzia watu mgongo, anamwonyesha mtoto barabara. Mama mwenyewe yuko kimya. Anapiga miayo, mmoja baada ya mwingine. Pua ina jasho, na siku yenyewe haikuwa ya joto. Nikapitisha mkono chini ya kanga. Imelowa. Na shuka iliyo chini ya kanga imelowa.

Nikaenda haraka kwa Nesi Nyamizi. "Njoo umtazame yule wa dirishani, naona damu."

"Mzazi gani hatoki damu, Mgogo? Kwenu wanatoka maziwa?"

Bibi mmoja aliyekaa kwenye kanga alicheka akashika mbavu. Na mimi, Mama, mdomo ukaenda njia uliyoizoea. "Mpagazi, mzigo umekushinda, njoo uone ulichodondosha njiani!"

"Mjibu!" yule bibi akasema. "Mjibu huyo, usimwachie!"

"Mlitunyima maji," Nesi Nyamizi akanijibu mbele ya watu wote, "leo mnataka kutunyima na uji?"

Wanacheka wote. Na mimi nacheka, nakwambia kweli, meno yako nje huku moyo unadunda. Nikarudi kitandani, nikamgusa tumbo. Kizazi kilitakiwa kiwe kimejikaza kama ngumi. Kilikuwa laini kama unga uliokandwa. Yule mama hata hakuniuliza nafanya nini. Nikarudi tena mbio.

"Nyamizi, kweli nakwambia, inuka."

"Mgogo akisema kweli mvua inanyesha," akasema, na kile chumba kikalipuka.

Nikasimama pale. Mama, kila neno nililokuwa nalo lilikuwa la utani. Hata hilo "kweli" tulikwisha kulichezea mara nyingi mpaka likawa mchezo. Ningepiga kelele wangesema ona Mgogo amekasirika, na kwa watani kukasirika ndiko kunakochekesha kuliko vyote. Sikupanga nilichofanya. Niliweka mikono pamoja, nikapiga goti kama ninavyokupigia wewe nikitoka safari, nikasema, "Shikamoo, Mama."

Mchana ule. Na tumeshinda wote tangu asubuhi. Na sijawahi kumwamkia hata siku moja.

Kicheko kilikatika kama redio iliyoishiwa betri. Nesi Nyamizi alinitazama usoni. Hakusema marahaba. Aliweka kikombe sakafuni, na kabla sijainuka alikuwa amefika kitandani.

"Fibi, dripu. Restuta, daktari, kimbia. Dada, mpe bibi huyo mtoto, toa watu nje." Aliniita Fibi. Akaanza kumkanda tumbo kwa ile mikono yake mipana, akanivuta mkono akauweka pale pale. "Sugua hapa. Usiache. Hata mimi nikikwambia uache, usiache." Daktari akaja, akakuta kipande cha kondo la nyuma kimebaki ndani, akakitoa. Wakamwongezea damu. Ilichukua muda, na kuna wakati nilimsikia Nesi Nyamizi akimwita yule mama kwa jina kwa Kinyamwezi, polepole, kama mtu anayemwamsha mtoto wake aende shule. Lakini jioni aliomba uji, na yule bibi aliyekuwa anasema mjibu, mjibu, ndiye aliyemnywesha.

Zamu ilipokwisha nilimkuta Nesi Nyamizi nyuma ya jengo la kufulia, amekaa kwenye benchi, amevua viatu. Nilidhani atanitania. Hakunitania, ndipo nikaogopa.

"Kabla ya ile shikamoo uliniita," akasema.

"Nilikuita."

"Nilisikia. Nilisikia Mgogo ananitania." Akasugua unyayo. "Manesi wa kwanza niliowalea nilikuwa nawafokea. Wakaniogopa, wakanificha makosa yao, nikayakuta kwa wagonjwa. Nikasema basi, hawa wanaokuja nitawachekesha. Wakanizoea, wakaniuliza, wakajifunza. Nikajiona nimemaliza. Kumbe kuna kitu sikuwapa. Sikuwapa neno la kunisimamisha."

"Mbona nimelipata?"

"Wewe umelipata. Na asiyelipata?"

 Nilikuwa namfikiria Restuta na ndiyo Mama yake. Nilikuwa nimemcheka, na siku ile mimi na yeye tulikuwa mahali pamoja. Yeye hasikiki kwa sababu ya kuogopa, mimi sisikiki kwa sababu ya kucheka. Mgonjwa kitandani hajui tofauti.

Habari ilimfikia mganga mfawidhi, yaani mkubwa wetu wa kituo. Akatuita. Ni mtu mzuri lakini anapenda kumaliza mambo haraka. "Kuanzia leo sitaki utani wodini," akasema. "Na huyu binti nitampa mlezi mwingine."

"Ukikata utani, mkubwa," Nesi Nyamizi akamwambia, "huyu kesho atakuwa bubu kama wenzake. Tuache tutaniane. Ila tupe shikamoo ya pili."

"Shikamoo ya pili ndiyo nini?"

Akamweleza. Mdogo anamwamkia mkubwa mara moja kwa siku, wanapoonana. Ya pili siku hiyo hiyo haina kazi. Basi ipewe kazi. Mtu yeyote, nesi mpya, mwanafunzi wa chuo, mama wa usafi, akiona jambo linakwenda vibaya, amwendee mkubwa wake amwamkie mara ya pili. Na yule mkubwa aache alichoshika, aende akatazame kwanza, bila kuuliza na bila kununa.

Mganga mfawidhi akakuna kidevu. "Na akienda akakuta si kitu?"

"Atakuwa ametembea. Miguu ni yake."

Ndivyo tunavyofanya sasa. Siku za kwanza ilikuwa vichekesho. Mhasibu wetu ni mtu wa adabu kupita kiasi. Alimwamkia Nesi Nyamizi asubuhi getini, mchana akakutana naye koridoni akasahau, akasema tena shikamoo. Nesi Nyamizi akamsukumia mtu sahani yake ya ugali. "Wapi? Nani? Kitanda gani?" Mhasibu akabaki mdomo wazi, ana karatasi zake mkononi. Mpaka leo akimwona anapunga mkono tu, hathubutu kusema neno.

Lakini juzi Restuta alimwendea mlezi wake, yule mama wa sala. Akasema shikamoo ya pili. Dawa ya mgonjwa mmoja ilikuwa imewekwa kwenye trei ya mwingine. Yule mama akaenda, akatazama, akabadilisha trei. Halafu akamgeukia akasema, "Marahaba, mwanangu. Asante." Restuta alinisimulia huku analia. Anasema hakujua kama yule mama naye huwa anaogopa kukosea.

Sasa Mama, weka barua kando, kunywa maji, kisha uendelee. Maana hapa ndipo jibu langu lilipo.

Jibu langu kwa Mjomba ni hapana. Si hapana ya siku zote. Ni hapana ya sasa.

Hapo zahanati nitakuwa mimi na mama wa usafi. Nitakuwa mkubwa wa pale. Watu wataniita daktari, na hata ninyi mtaanza. Kila atakayeingia mlangoni ataniamkia, wazee watanivulia kofia, na katika watu wote hao hatakuwepo hata mmoja wa kuniambia simama, umekosea. Nesi Nyamizi amepokea watoto ambao sasa wanakuja kujifungua kwake, na bado siku ile alihitaji mtu wa kumwinua kwenye kiti. Mimi ni nani nikae peke yangu? Na watakaoletwa kwangu si wageni. Ni wake wa kaka zangu, ni mabinti wa kwaya, ni dada Eda na hilo tumbo lake. Kazi siiogopi. Ninachoogopa ni kukosea mbele ya watu wanaonipenda kiasi cha kuninyamazia.

Nilimweleza Nesi Nyamizi habari ya zahanati. Nilidhani atanikataza, maana anapata msaada kwangu. Akasema, "Siku utakayoiva nitakwambia, sitakushikilia. Na utakwenda na namba yangu. Ukikwama, piga, hata kama nimestaafu nafuga kuku. Lakini peke yako usikubali. Mwambie mjomba wako aombe manesi wawili, mmoja awe mkongwe."

"Na kama hawana wawili?"

"Basi waseme hawana. Wasiseme wana nesi."

Kwa hiyo mwambie Mjomba namshukuru kwa kunihangaikia, na sisemi hivyo kwa mdomo tu. Najua alivyotembea jua kali kuonana na wale wakubwa. Lakini arudi kwao akaombe wawili, na mimi nikiiva nitakuwa mmoja wao, mdogo wa mwenzangu. Atasema nimesoma nikaota mapembe. Mwache aseme, nitakuja kumpigia goti. Msimamo wangu hautabadilika kwa sababu ya goti.

Hilo la kwanza. La pili ndilo gumu, na limenifanya nifute na kuandika tena.

Uliniambia nirudi nikae na mwanangu. Kurudi, hapana. Mwanangu, ndiyo. Mama, nakuja kumchukua Nyemo.

Nimelifikiria, usidhani ni hasira ya ile "Fibi wa kwenye simu". Mama mwenye nyumba analea wajukuu wake hapa uani, amesema mmoja zaidi hatazidi. Nesi Nyamizi ameniombea zamu za asubuhi tupu mpaka mtoto azoee. Baba yake Nyemo nimempigia huko machimboni, amesema nifanye ninavyoona. Chumba ni kimoja, hilo ni kweli. Nitachoka kuliko ninavyochoka sasa, hilo nalo ni kweli. Lakini nachoka hata hivi, na nikirudi chumbani hakuna wa kunirukia.

Najua hapa umevua miwani. Ngoja nikwambie. Mtoto huyu ulimpokea nilipokwenda chuo, akiwa bado ananyonya. Ulimbeba mgongoni ukilima, ukamzoeza uji, ukakesha naye meno yalipoota. Nisingekuwa nesi kama si mgongo wako. Kwa kukuita wewe mama mtoto hakukosea, ulistahili. Sikulaumu kwa lolote isipokuwa jambo moja, na nitalisema wazi ili lisibaki moyoni.

Mara ya mwisho nilipokuja, siku ya kuondoka mlimpeleka Nyemo kwa jirani akatazame vifaranga, nami mkaniambia nipite mlango wa nyuma, upesi, asinione. Mlisema ni kwa ajili yake, asilie. Nilitii. Eda aliniambia baadaye kwamba alirudi akanitafuta, akainama mpaka uvunguni mwa kitanda, akaita, akanyamaza, akaenda kucheza. Kile kunyamaza kwake, Mama, ndicho kinachoniuma. Mtoto alijifunza siku ile kwamba mimi ni mtu wa kutoweka.

Safari hii asidanganywe. Na anayetakiwa kumwambia ni wewe, si mimi, kwa sababu anakuamini wewe. Nikimwambia mimi ataona sauti ya kwenye simu imepata miguu. Mwambie kuanzia leo, kila siku kidogo, kwa maneno yako: Fibi ndiye aliyekuzaa, anakuja, utapanda naye treni, utakaa kwake, na bibi atabaki hapa, utamwona sikukuu. Atakuuliza maswali. Mjibu yote, hata lile la kwa nini huendi naye. Siku ya kuondoka tutoke mlango wa mbele sote watatu, utufikishe stesheni. Akilia, tumwache alie akituona usoni. Na wewe ukilia usiende kujificha nyuma ya nyumba. Aone kwamba anaachana na mtu anayempenda na anakwenda kwa mtu anayempenda. Nadhani hata mtoto wa umri ule analielewa hilo kama hakufichwa.

Kama katika haya yote unaona mahali nimekosea, niambie. Mpe Mwalimu Ndahani ujumbe, au toa simu spika unipigie ukiwa shambani. Nitakusikiliza na nitaacha ninachofanya nikusikilize. Lakini unizuie kwa maneno, Mama. Usinizuie kwa kumpeleka mtoto kwa jirani.

Nipe siku hizi mpaka mwisho wa mwezi niombe ruhusa. Nitashuka stesheni asubuhi. Usipike sana.

Nisalimie Baba, mwambie bado natumia tochi aliyonipa. Nisalimie dada Eda, na mwambie kliniki asikose hata moja, na akiambiwa jambo asiloelewa asiseme ndiyo. Mjomba Yona na mkewe nawaamkia. Mchungaji na akina mama wa kwaya wote, hasa yule jirani yetu mchota maji, maana najua atauliza barua imesemaje. Mwambie imesema namsalimu. Mtani wangu wa hapa naye anakusalimu. Anasema umtumie karanga, deni la babu zake litapungua.

Nyemo mbusu kwenye utosi, pale penye nywele zinazokataa kulala.

Mwanao anayekupenda na asiyebadilisha neno,

Fibi, mama yake Nyemo